Ushuhuda Uliomfunga Cucu Mdomo

Ploti ya Muthama,
Uthiru, Nairobi.
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Debra,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Leeds haijakuzidi, na mumeo Ken amepona mguu. Nimekasirika, lakini baba alinifundisha kwamba hata mtu unayetaka kugombana naye humsalimu kwanza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe huanza kuomba kabla sijamaliza sentensi.

Mama yako, Cucu wangu aliyenilea kama bibi yeyote, yuko hai. Wiki tatu zilizopita alipasuliwa tumbo, wakamtoa jiwe kubwa kama ndimu lililoziba utumbo. Daktari Mutiso alinieleza polepole. Jiwe lilikua kwenye mfuko wa nyongo miaka mingi, likautoboa, likaingia utumboni. Humo likawa linakwama na kusogea, linakwama na kusogea. Likikwama, Cucu anatapika na tumbo linajaa. Likisogea, anapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo uliyoiita muujiza. Ijumaa ile kabla ya upasuaji, teksi ya kumpeleka hospitali ilikuwa tayari mlangoni. Ukapiga simu, ukaomba, Cucu akasema hatapiki tena. Ukaniambia niirudishe teksi, ni gesi tu, eti wazee unaowatunza huko wanayo kila siku. Nami nikairudisha. Hilo ni kosa langu, sikuachii wewe. Lakini Jumapili ulimsukuma asimame kanisani atoe ushuhuda kwamba amepona. Jumanne alikuwa anatapika maji yenye harufu ya choo.

Ana miaka themanini na miwili. Daktari hakuthubutu kuugusa mfuko wa nyongo. Alitoa jiwe, akafunga. Huenda kuna jingine. Aliniambia, "Akiumwa hata kidogo, mlete siku hiyo hiyo."

Sasa soma hapa vizuri. Juzi nilimkuta amejikunja kitandani, ameuma shuka. Nikamwuliza kama tumbo linauma.

"Mimi? Mimi nilipona. Uliza kanisa lote."

"Cucu, na hiyo shuka mdomoni?"

"Nilisimama mbele ya watu, Waceke. Leo niseme naumwa, nimfanye Mungu mwongo?"

Nilimpeleka hospitali akininunia njia nzima. Ilikuwa ni mshono tu. Siku nyingine huenda usiwe mshono, na mimi nitakuwa kazini mjini, naye atauma shuka mpaka jioni.

Nimembembeleza, nimemfokea, hanisikii. Wewe ndiwe uliyemfunga mdomo, na hakuna mwingine atakayeufungua. Ukipata barua hii, mpigie Jumapili inayofuata saa nane za huku, akishatoka kanisani. Usiombe. Mwambie ulikosea. Mwambie akiumwa aseme, alie hata majirani wasikie, na Mungu atabaki kuwa Mungu.

Kaka yangu Waweru anakusalimu. Nisalimie Ken na binti yenu Ciru. Mungu akulinde uendapo kazini na urudipo.

Ni mimi bintiyo Waceke, ninayekupenda, ingawa mwezi huu imekuwa kazi.