Landrova Yangu na Pijo ya Yohana

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Heru Juu tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna maharage. Umeniuliza ipi ilikuwa bora, Landrova 109 niliyokuwa nikiendesha au Pijo 404 ya rafiki yangu Yohana. Landrova ilikuwa na injini ya lita mbili na robo, na ilivuta kwa magurudumu yote manne. Injini ya Pijo ilikuwa ndogo, ikivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, lakini ilikimbia zaidi na springi zake zilikuwa laini.

Masika moja, tukiishi Kibondo, bibi yako alianguka akavunjika paja. Nikaleta Landrova nimpeleke hospitali Kasulu.

“Hiyo itanimaliza kwa kunirusharusha,” akasema. “Niitie Yohana.”

Iliniuma, lakini nilimwita, nikawafuata nyuma na Landrova. Bondeni Pijo ilikwama kwenye tope. Nikaifunga kamba, nikaivuta polepole, bibi yako amelala ndani. Tulifika, akatibiwa, akatembea tena.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi bora, nami nitakuuliza: unambeba nani, na njia ikoje?

Babu yako