Kifuko cha Shangazi

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kazi tele. Nimekutumia boksi la vunjajungu tunaowafuga hapa kiwandani kuwauzia wakulima. Waachie kwenye maharage, wadudu waharibifu watakoma. Ila usicheke: wote ni uzao wa mama mmoja, kaka akizaa na dada miaka yote. Nikiingia, wanageuza vichwa kushoto kwa pamoja. Nimeshazoea.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananikumbusha umri tu. Wageni wako wamefika, wana adabu hao! Wangu wa porini ni vurugu tupu: huyu kijani, yule kahawia, na yule mkali wa mlangoni niliyemwita Shangazi kwa kuwa hapendi mtu. Wenzake wameshaanza kuoana na vijana wako. Yeye anawafukuza.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Ugonjwa wa ukungu mweupe unaoota miilini umeingia kiwandani. Kinachomuua mmoja kinawaua wote, na wamekwisha. Mkuu wangu anasema bila damu ya porini tunafunga, nami nitarudi mikono mitupu. Huku mashambani wa porini hawapo tena, wamechanganyika na wale tuliouza. Nitumie wako, tafadhali. Wale tu wasiogeuka kushoto.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu,

Pole sana. Nimetafuta mpaka kiuno kimelia. Bustani nzima ni rangi moja, kimya, na nikitoka kuanika nguo wanageuka pamoja. Mimi huyu, naogopa kuanika nguo! Shangazi amekufa, lakini ameacha kifuko cha mayai kwenye fremu ya mlango. Nimekiweka ndani ya gilasi. Wakitoka, nakuletea mwenyewe.

Mama yako

11 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijui niseme mzima. Wametoka asubuhi hii, wadogo kama punje za mtama. Nilifurahi nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Kisha nikagonga gilasi kwa kidole.

Wote wakageuka kushoto.

Kumbe Shangazi naye alikuwa na siri zake. Maji yamemwagika, mwanangu. Rudi nyumbani, chumba chako nimekifagia. Ila ukifika usipite bustanini. Kuna kitu cheupe kimeanza kuota juu ya wale wakubwa, na bado wanautazama mlango. Pitia nyuma.

Mama yako