Kiti Kitupu Kwenye Njia ya Mfereji

Tarehe 4 Februari

Mpendwa mdogo wangu,

Naomba radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Sina udhuru unaotosha. Tangu ulipokatwa mguu nimeanza kukuandikia barua zaidi ya moja nikazichana zote, kwa sababu kila moja ilikuwa inakupa pole, nami nakujua: pole hukuudhi kuliko maumivu yenyewe.

Natumaini jeraha limefunga na sukari imeshuka. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hulalamika kila asubuhi kama wanafunzi siku ya Jumatatu. Muuguzi wa zahanati yetu ameniamuru nitembee. Nilimweleza kwamba nimesimama mbele ya ubao maisha yangu yote ya kazi. Akanijibu, "Mwalimu, kusimama si kutembea." Nilitafuta kosa katika sentensi hiyo nikalikosa.

Basi natembea. Njia inaanzia nyuma ya nyumba yangu, inapita msituni, inatokea kwenye malisho, halafu inafuata ukingo wa mfereji hadi daraja la mbao. Hakuna mlima hata mmoja. Msituni ardhi ni laini na ina harufu ya sanduku la nguo lililofungwa siku nyingi. Kwenye malisho upepo unalaza nyasi upande mmoja, kama mkono unaonyoosha shuka. Maji ya mfereji hayana haraka; mara jani linanipita, mara mimi nalipita.

Wifi ameniandikia. Anasema hujavuka kizingiti tangu urudi kutoka hospitali, na kwamba umekigeuza kiti chako cha magurudumu kikaelekea ukutani. Anaogopa, na mimi naogopa. Nakuomba uje kwangu tutembee pamoja. Njia ni tambarare. Nitakusukuma mwenyewe.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 19 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, ingawa kwa kunichongea sitamsamehe mapema.

Barua yako imenifikia na nyasi zake na maji yake. Nashukuru. Lakini kumsifia njia mtu wa mguu mmoja ni sawa na kumsifia mwenye kipara kitana. Umesahau kwamba nimeendesha lori tangu ndevu hazijaota? Hata utingo wangu hakuwahi kugusa usukani, nikiwa na homa, nikiwa na usingizi, nikiwa nimefiwa. Leo nije kusukumwa kama toroli la saruji, watu wanipishe njia, "Pole mzee, pole mzee"? Hapana, Dada.

Ukuta wangu naupenda. Hauniulizi kama nimelala vizuri.

Na barua hii usinirudishie ikiwa na wino mwekundu, kama ulivyokuwa ukinifanyia nilipokuwa shule ya bweni. Makosa yamo, nayajua, yaache yakae.

Wako,
Mdogo wako wa mwisho


Tarehe 10 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Magoti yanaendelea vizuri, na makosa yako nimeyaacha yakae, ingawa moja lilininyima usingizi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilikuandikia kwamba njia ni tambarare, kisha nikajiuliza: nimejuaje? Miguu haihesabu mizizi, inaivuka tu. Kwa hiyo nilimwomba muuguzi aniazime kiti cha magurudumu cha zahanati, nikakisukuma kitupu kutoka nyumbani hadi darajani.

Usicheke. Wengine wamekwisha kucheka kwa niaba yako. Msituni kiti kiliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mkata kuni mmoja aliweka shoka chini akaniuliza kwa huzuni kubwa, "Bibi, mgonjwa wako ameangukia wapi? Njoo tumtafute." Mbele kidogo nikakutana na kinamama wawili waliotoka sokoni. Hawakuuliza chochote. Walipakia viazi vyao juu ya kiti wakanishukuru kabla sijakubali, nami nikasukuma viazi.

Matokeo ni haya. Msituni panapitika, mtu akishika upande wa kushoto. Malisho yanapitika. Ukingo wa mfereji umetandazwa changarawe na unapitika kuliko barabara nyingi. Lakini kati ya malisho na mfereji pana ua wa senyenge, na mahali pa kuvukia ni ngazi ya mbao. Magurudumu hayapandi ngazi; kinamama wale ndio walionisaidia kukipitisha juu. Mwenye ua ni mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nimempelekea maombi kwa maandishi ili aweke lango. Hajajibu.

Sikuusahau mguu wako. Nautafutia njia.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 17 Machi

Dada, shikamoo.

Tu wazima. Nitasema moja tu kwa sababu sina maneno mengi siku hizi.

Kiti kitupu hakina aibu. Viazi havina aibu. Kaa wewe ndani yake, usukumwe mbele za watu, halafu ndipo uniandikie habari za njia.

Mdogo wako


Tarehe 12 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi si mgonjwa, ila mikono inaniuma, na mwandiko utauona umelegea. Sababu utaisoma.

Nilikaa. Siku ya kwanza muuguzi alinisukuma hadi pale njia ya msitu inapoanzia. Tulikutana na jirani yangu, mshonaji, ambaye tunasalimiana kila siku ya Mungu. Alinitazama, akamgeukia muuguzi, akamuuliza, "Siku hizi anakula?" Nikamwambia, "Anakula, na masikio pia anayo." Lakini nilipofika nyumbani niliitoa barua yako nikaisoma tena. Ulikuwa unasema kweli, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nakuandikia habari za majani.

Siku iliyofuata niliamua kwenda peke yangu, nikiendesha magurudumu kwa mikono yangu. Nilijiwekea sharti: sitainuka kitini mpaka nifike kwenye ngazi, kwa kuwa wewe usingeweza kuinuka. Ilikuwa imenyesha mvua ndogo. Msitu niliumaliza nikihema. Malisho niliyamaliza nikiimba ili nisikate tamaa. Nilipokaribia ngazi ya kwenye ua, magurudumu yakazama kwenye tope, yakagoma.

Mtu mwingine angeinuka akatoka. Mimi nilikuwa na sharti. Nikakaa.

Akaja mfugaji na ng'ombe wake. Aliponiona alipiga mayowe. "Watoto wako wana roho gani kukutupa porini?" Kabla sijajibu alikuwa amefunga kamba kwenye kiti na anavuta, jasho linamtoka, anawalaani watoto nisiokuwa nao. Kiti kikainama. Nikaona nakwenda kulala matopeni kifudifudi. Hapo, naungama, sharti lilinitoka kichwani. Nikasimama, nikachukua hatua mbili, nikashika mti.

Mfugaji aliachia kamba. "Ameinuka!" akapaza sauti. "Jamani, bibi ameinuka! Anatembea!" Akapiga magoti pale pale kwenye tope, mikono juu. Ng'ombe walisambaa. Kumwinua yeye kulinichukua muda mrefu kuliko kukiinua kiti.

Nilimweleza ukweli, mwanzo hadi mwisho. Alinitazama, akatazama kiti, akatazama ngazi yake. Akasema, "Sasa mwenye kiti hasa yuko wapi?"

"Mjini. Anatazama ukuta."

Alikung'uta tope magotini. Kisha akaniambia kwamba barua yangu aliipata, ila ilikuwa nadhifu mno, akadhani imetoka serikalini, akaitia chini ya gunia la chumvi ya ng'ombe. "Mama, si ungekuja tu ukasema?" Lango ameahidi kuweka, kwa sharti kwamba lijifunge lenyewe, kwa maana ng'ombe wake, anasema, hawana adabu ya kurudisha mlango.

Nafuta neno langu la kwanza. Sitakusukuma. Nitatembea kando yako, na ukikwama nitangoja mpaka wewe useme.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 3 Mei

Dada yangu, shikamoo, na pole ya mikono. Pole hiyo uipokee, mimi ndiye ninayezikataa.

Wifi yako yu mzima lakini nimemtia hofu. Nilipofika pale pa "Ameinuka!" nilitoa sauti ambayo sijaitoa tangu mwaka jana. Akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani nalia. Nikamsomea. Akakaa sakafuni. Akaniambia nirudie, nikarudia, na kila nikifika pale mfugaji anapopiga magoti, mwiko unampiga yeye mwenyewe pajani.

Kelele zetu zikavuka barabara. Fundi viatu wa ng'ambo, yule mwenye kikohozi, akaniita kwa jina langu la udereva, "Breki! Kuna nini huko? Mnachekea nini bila sisi?" Nikamjibu kupitia dirishani kwamba ni barua ya dada yangu. "Nisomee basi!" Nikaanza kumsomea kwa kupiga kelele, pikipiki zikapita, hasikii. Unajua nisivyopenda hadithi nzuri iharibike. Nikaondoka na barua yangu mapajani, nikamfuata kwenye meza yake. Nilipomaliza kusoma, na watu wamenizunguka, ndipo nilipotazama nyuma nikaona mlango wetu uko upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimevuka. Hakuna aliyenisukuma, na hakuna aliyenipa pole. Walitaka tu niwasomee tena pale pa kamba.

Tangu siku hiyo natoka. Kuna mteremko mbele ya duka la dawa ambao naushuka kwa breki za viganja, na dereva wa bodaboda amenionya kwamba nitapigwa faini. Kwenye bomba la maji nakwama bado. Nakwama, nangoja, natoka.

Sasa sikiliza. Juzi nilikwenda kliniki kwa magurudumu yangu mwenyewe. Yule mtaalamu wa miguu ya bandia, ambaye wakati ule nilimfukuza chumbani, alinipima akasema kigutu kimepona vizuri na mguu naweza kuvishwa. Lakini mazoezi yake ni marefu, na sitakiwi kusafiri mpaka yaishe. Nikiuchukua, nitakuja kwako mwishoni mwa mwaka nikiwa nimesimama, na tutatembea polepole kama wazee wengine. Nisipouchukua sasa, naweza kuja mwezi ujao na kiti changu, njia ikiwa kavu na nyasi zikiwa bado ndefu.

Wifi yako anasema mwezi ujao. Fundi viatu anasema ningoje mguu, maana kila mguu unahitaji kiatu na yeye anatafuta kazi. Wewe usiniambie lolote bado, tafadhali, hata kwa wino wa bluu.

Zamani nilikuwa nachagua njia injini ikiwa tayari inanguruma. Safari hii sina haraka. Tangu hospitali sijawahi kuwa na njia mbili mbele yangu, na zote mbili zinafika kwako. Niache nizitazame kidogo. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako