Uliniandikia Salamu za Marehemu

Rosa, osiepna,

Mama yangu alikufa Mei 1989, mimi nikajua Septemba. Hapo katikati nilipokea barua zako tatu, na katika zote tatu Mama alikuwa ananisalimu.

Nimekuita osiepna, rafiki yangu, kwa sababu sina jina lingine la kukuita, hata leo. Barua za faragha nimekutumia huko Nairobi mara nne, hujajibu hata moja. Hii basi naiacha wazi, asome atakaye.

Unakumbuka tulivyoanza. Mimi na wewe sakafuni kwa chumba changu pale mtaa wa Manyatta, Kisumu, cherehani moja niliyoinunua kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, pale ufukwe wa Dunga, bila mume wala mjomba kuniongezea hata senti. Kanisa lilipotafuta fundi wa kwenda Zambia kujitolea miaka miwili, afundishe wasichana kushona, ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Wewe na hesabu zako zote, unaenda kufanya kazi ya bure?" Nikakuambia aliyefanya kazi tangu ana miaka kumi na mbili anaweza kutoa miwili. Ukasema, "Sawa, enda. Mama yako niachie mimi. Nitamsomea kila neno." Mama hakujua kusoma, na mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wetu sote.

Wacha niseme na ukweli huu: bila barua zako ningerudi mapema sana. Misheni ilikuwa porini. Mfuko wa posta ulikuja na lori la unga kila Ijumaa ya pili, na sisi wa kujitolea tulitoka mbio hata na povu la sabuni mikononi. Kwesi, seremala kutoka Ghana, ndiye aliyeita majina, kifua mbele kama karani wa mahakama. "Kisumu! Kisumu tena! Dada, huko kwenu hawalimi? Kazi ni kuandika tu?" Nilikimbia na barua yako nyuma ya jiko. Ile karatasi ya bluu inayojikunja yenyewe kuwa bahasha, umeijaza mpaka maneno yanapanda ukingoni. Mara moja ulituma omena kwa kifurushi. Lori zima lilinuka, na wasichana wangu wakashangaa, "Mama, si hii ni kapenta yetu?" Tukapika, tukala, nikalia, nikawaambia ni moshi.

Machi 1989 nilishikwa na malaria mbaya. Nikakuandikia: muulize Mama, nirudi? Jibu likafika Aprili. "Mama amesema umalize kazi kwanza. Yeye ni mzima." Nikabaki.

Halafu nikaanza kumshonea gauni la kurudi nalo. Nikakuuliza kama vipimo vyake ni vile vile, kifua thelathini na nane. Ukajibu Julai: "Ongeza inchi mbili, amenenepa kidogo, siku hizi anakula vizuri."

Rosa. Alikuwa ardhini tayari. Na mimi nikafumua mshono, nikaongeza inchi mbili.

Nilirudi na gauni hilo ndani ya mkoba. Langoni kwa boma letu, jirani yetu Mama Pamela alinipokea mzigo kabla ya kunisalimu.

"Nyathina, mtoto wangu, pitia kwangu kwanza, ukae."

"Sikai. Mama yuko wapi?"

"Kaa tu."

Hapo nikajua. Kaburi lilikuwa upande wa kushoto wa nyumba yake, na nyasi zilikuwa zimeshalifunika.

Ulikuja jioni hiyo na akina mama wa kikundi chetu, nikakuuliza mbele yao. Ukasema, "Habari kama hiyo haiandikwi. Ungeisoma huko peke yako, nani angekushika?" Wote wakaitikia. Na ni kweli, hata mimi nisingeiandika. Lakini desturi hiyo ina nusu ya pili, na wote mliokaa pale mnaijua. Mtu wa mbali huandikiwa: Mama anaumwa kidogo, njoo. Basi. Yeyote wa kwetu akisoma hayo huanza kufunga mzigo huku analia. Hadanganyiki mtu. Wewe ulichukua nusu ya kunyamaza, ukaacha ile ya kuniita.

Sasa ni miaka saba. Watu wanaona maduka mawili na mafundi sita, wanadhani nimepona. Sijapona, na siku hizi sitegemei tena kupona. Barua zako zote kumi na moja ninazo na siwezi kuzisoma. Kila neno la Mama la wakati ule lilipitia mkononi mwako. Nikifika pale ulipoandika kwamba alicheka kusikia habari za kapenta, sijui kama alicheka. Wengine wakifiwa hubaki na maneno ya mtu wao. Mimi nimebaki na mwandiko wako.

Nilikuwa nikijiambia kwamba tatu ndizo za uongo, nane zimesalimika. Mwaka huu Mama Pamela amenieleza kwamba Mama alianza kuugua Februari, na mwisho wa Machi alikuwa hainuki kitandani. Kwa hiyo "yeye ni mzima" ilikuwa uongo akiwa bado anapumua. Ni nne, basi. Na hiyo ya nne ndiyo iliyonibakisha Zambia.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba tunalijengea kaburi kwa saruji, na nitasimama pale mbele ya watu. Kabla ya hapo unijibu. Sitaki pole, sitaki habari za watoto. Nilipouliza kama nirudi, ulimsomea Mama swali langu? Kama ulimsomea, alisema nini, kwa Kijaluo chake mwenyewe? Kama hukumsomea, andika neno moja: sikumsomea. Sijui kama nitaweza kuishi na neno hilo, lakini hivi nilivyo pia siishi.

Nitakuwa posta Ijumaa ya kuamkia siku hiyo mpaka wafunge. Ulimsomea, au hukumsomea?

Ni mimi,
binti wa yule uliyeachiwa umtunze