Santuri Uliyoniambia Nikaiuze

Kaka,

Nimewahi usaili wa ile kazi ya ualimu. Supu iko jikoni, nimeifunika. Dawa unywe ukishakula, si kabla, usijifanye umesahau. Dirisha la barabarani liache limefungwa. Wanabomoa ukuta wa jirani na vumbi lao halina adabu.

Asubuhi nilikusikia. Uliweka santuri ile ya Wafaransa, ya piano na vyombo vya kupuliza, ukaifuata na klarineti yako kama zamani. Pumzi ikakukatika kabla ukurasa wa kwanza wa noti haujaisha. Wenzako kwenye santuri wakaendelea. Ndipo ukaniita: “Mdogo wangu, kaiuze hii. Hawa watu hawanisubiri.”

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka ili nisilie mbele yako.

~~Daktari amesema mapafu yatapona.~~ Hakusema hivyo. Nilipomuuliza mara ya pili alitazama viatu vyake.

Lakini santuri siiuzi. Nimeondoka na ganda lake tu, ili ukose pa kuifungia. Yenyewe iko kwenye mashine, nimeigeuza upande wa pili, kile kipande cha polepole. Pale mwanzoni klarineti haina kazi, piano iko peke yake muda mrefu.

Sikuombi upulize. Ikiisha, rudisha sindano mwanzo. Naogopa kufungua mlango jioni nikute nyumba kimya.

Mdogo wako