Vidonge vya Mama wa Bibi Harusi

3 Mei

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ingawa inapiga kelele kunishinda. Vipi wewe na kazi yako ya kufua mashuka ya hoteli? Mchumba wako hajambo?

Kopo lako la vitamini E limefika. Umesema ni la ngozi, nami nataka siku ya harusi watu waulize bibi harusi ni yupi. Kopo linasema kidonge kimoja kwa siku, lakini hicho ni cha wasichana. Mimi nameza vitatu, na kingine nakitoboa kwa sindano, najipaka mafuta yake usoni. Mashoga zangu wameshaanza kuniuliza siri.

Gauni lako nimefika kifuani. Ila jana sindano ilinichoma kidole, kama inavyonichoma miaka yote, na safari hii damu ikagoma kukoma. Nilifunga kitambaa nikaendelea. Sindano za siku hizi hazina adabu.

Mama yako

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako imeninyima raha. Simu umeizima tena, kwa hiyo nimempigia mfamasia jirani na duka lako aje kukuona leo hii.

Si sindano, Mama. Wewe unatumia dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande. Vitamini E ikizidi nayo inafanya hivyo hivyo. Nilinunua kopo kwa furaha yangu, sikuuliza kama vitu hivi viwili vinapatana. Vidonge vyangu viache kabisa. Dawa ya moyo usiiache wala usiipunguze mpaka daktari aseme.

Na gauni liweke pembeni. Nikikosa gauni nitaolewa nimevaa sare ya kazi. Nikikukosa wewe, siolewi.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu mwenye kelele,

Mama yako hajambo, tena hajambo kweli. Natumaini sasa unalala.

Mfamasia alikuja nikiwa nampima mteja suruali. Akaomba kuona dawa zangu zote, nikamtolea kwenye bati la vifungo. Aliuliza kama fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Zilikuwa zinatoka. Akaona na madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi mkononi, ambayo nilikuwa naisingizia meza ya kupigia pasi. Alinipeleka kliniki mwenyewe. Walipopima, damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari alinizuia vidonge vyako, akanipangia upya kipimo cha dawa ya moyo, na juzi nimepimwa tena: iko sawa.

Nilimwambia mfamasia kwamba vitamini ni chakula tu, itamdhuruje mtu? Akanijibu, "Mama, mtu mzima anahitaji miligramu kumi na tano tu kwa siku, na wengi wanazipata kwenye karanga, mafuta ya alizeti na mboga. Kidonge chako kimoja kinazidi hapo mara kadhaa." Alisema wanaovihitaji hasa ni wachache, kama wale ambao miili yao haifyonzi mafuta, na kwamba kwa anayetumia dawa ya damu hata kimoja ni cha kumuuliza daktari kwanza. Kuhusu sura kung'aa, alisema hana ushahidi wa kunipa. Nilimwambia ushahidi ni mimi. Alicheka mpaka akaegemea cherehani.

Sasa gauni. Damu ilidondoka kifuani, doa halikutoka, nikaamua kukata kifua upya. Nikachukua vipimo vyako ukutani, na mkasi ukanigoma mkononi. Ni vile nilivyokupima mwaka ulipoondoka nyumbani. Mwanangu, wiki zote hizi nilikuwa namshonea yule msichana, na mimi simjui kiuno mwanamke anayeolewa. Nilikaa chini nikalia, kisha nikacheka.

Kitambaa kingine kipo. Sikikati mpaka usimame mbele yangu.

Mama yako

29 Mei

Mama,

Shikamoo. Hali yangu usiulize, nina furaha hata mashuka nayakunja vibaya.

Niliwaonyesha barua yako wakubwa wa kazi. Likizo yangu wameitanguliza, nikae kwako mwezi mzima kabla ya harusi. Barua hii ikikufikia nitakuwa njiani, kwa hiyo usijibu. Andaa futikamba tu.

Na ukinipima, Mama, nipime polepole.

Mwanao