Endelea Kutufuatilia

Maposeni,
4 Machi 2024

Mpwa wangu Careen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtu ambaye, tangu mwaka huu uanze, Jeshi halifanyi jambo bila kumsikiliza. Mtu huyo ni mimi. Huku mimi ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linalonisumbua mvua ikizidi. Sijui wewe na upepo wa huko Dodoma mnaelewanaje. Mama yako nilimwona kanisani Peramiho, amenenepa, anakusalimu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zinasikilizwa. Sisi watu wa usalama tunajua. Barua nampa Asma, yule anayekata tiketi stendi ya Songea, ataiweka kwenye basi.

Sasa sikiliza. Ile simu kubwa aliyoninunulia mwanangu Edmund kwa mshahara wake wa kwanza wa uaskari ndiyo iliyoniingiza kazini. Nilikuwa natazama ukurasa wa kikosi chao, wametoa picha ya askari wanapanda miti. Watu wote hongereni, hongereni. Mimi nikatazama kwa jicho la mkulima, nikaona mche mmoja wameufukia pamoja na mfuko wake wa plastiki. Nikaandika pale chini: "Wakuu, huo wa pembeni hautashika hata mkiulinda kwa mizinga." Dakika haikuisha, Careen, Jeshi likanijibu! "Asante kwa maoni yako, Mzalendo. Endelea kutufuatilia."

Neno hilo nimelisoma mara tatu. Kufuatilia. Mtu hakuambii umfuatilie kama hakuamini. Na kufuatilia nakujua, maana hati ya shamba la marehemu babu yako niliifuatilia Songea mjini safari kumi na tisa, mpaka yule karani akawa anatoka kwa mlango wa nyuma. Basi nimefungua daftari. Saa tatu asubuhi: gwaride, wa mwisho hajachomekea shati. Saa nane mchana: wanachangia damu, mmoja amefumba macho. Yote nawapelekea, na kila nikipeleka wananijibu palepale, niendelee. Kwenye mashine ya kusaga ya Abasi sasa naitwa Afande. Kijiji kizima hakuna tena ninayempa shikamoo isipokuwa paroko, naye ni kwa heshima ya kanzu.

Edmund hajapiga tangu Januari. Siku ile alipiga kutoka huko nje walikopelekwa kulinda amani, akaniambia wako upande gani wa ziwa na watahama lini. Jioni hiyohiyo nikaandika ukurasani ili taifa lijue, nikapata mioyo sitini na moja. Tangu hapo kimya. Ni kazi nyingi tu, mimi sina wasiwasi. Mwanangu nikiona kisogo chake namjua. Akikohoa katikati ya misa ya Pasaka, kanisa limejaa hadi nje, namjua. Kwa hiyo kila picha wanayotoa namtafuta kwanza, halafu ndiyo nafuatilia mengine.

Wewe unayeshinda na kompyuta za serikali, ukikutana na huyo mkubwa anayenijibu, mwambie nashukuru. Na aniulizie kijana.

Mjomba wako,
Afande Fulgence


Dodoma,
19 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, upepo nimeuzoea, vumbi ndilo bado. Pole na goti. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, nikajua kweli imetoka kwako.

Mjomba, huyo mkubwa anayekujibu hayupo. Ni mashine. Na mashine yenyewe naiendesha mimi. Nyumbani nilisema tu niko mawasiliano, sikufafanua. Ule ukurasa tunauendesha watu watatu katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Yale maneno, "Asante kwa maoni yako, Mzalendo," niliyaandika mimi mwaka juzi, yanamwendea kila mtu anayeandika. Hata anayetutukana anaitwa Mzalendo. Na "endelea kutufuatilia" maana yake ni endelea kutazama ukurasa, basi. Si kazi uliyopewa.

Kwenye mche ulikuwa na haki. Tulicheka hapa, halafu mtu akatumwa akautoe ule mfuko.

Lakini lile la ziwa, Mjomba! Unajua kazi yetu ilivyo? Kabla picha haijatoka tunaficha nyuso, tunafuta namba za magari, tunaangalia mlima uliopo nyuma kama unaweza kujulikana ni wapi. Picha tunaikalisha wiki mbili ndipo tunaitoa. Wako watu wenye nia mbaya ambao picha hawazitazami kabisa, wanasoma maoni tu. Halafu anakuja mzazi anaandika jina la mtoto, upande wa ziwa na siku ya kuhama. Niliyafuta yale maneno kesho yake asubuhi kabla sijasoma jina la aliyeandika. Nilipolisoma, nilikaa chini.

Nakuomba kwa heshima zote, tazama tu. Usiandike kitu kuhusu Edmund.

Mpwa wako,
Careen


Maposeni,
8 Aprili 2024

Careen mwanangu,

Natumaini Pasaka umekula vizuri. Mimi nilikula kwa mama yako, nikarudi mapema, kwangu hakukuwa na wa kufunga kuku.

Barua yako nimeisoma na nimekusamehe. Wewe ni mdogo kazini, hawawezi kukuambia kila kitu. Mashine naijua, Abasi anayo, inapiga kelele siku nzima na haijawahi kuniuliza hali. Hii inanishukuru. Mashine gani inashukuru?

Tena nina ushahidi. Jumatatu ya Pasaka wametoa picha ya vijana wanapanda ndege, wamegeuka mgongo wote. Wa nne kutoka kushoto ni Edmund. Kile kisogo nilikinyoa mwenyewe miaka kumi na minne. Nikaandika hivyohivyo, jina lake kamili na la Maposeni, ili wenzake wajue ana kwao. Mtu mmoja wa Mwanza akaniandikia "Hongera baba." Jeshi nalo likaniambia niendelee.

Otto wa bodaboda anadai wote wale visogo vyao ni kimoja. Nimemwambia siku akizaa atajua.

Mjomba wako,
Afande Fulgence


Maposeni,
20 Mei 2024

Careen,

Hujambo? Mbona hukujibu ile ya Aprili?

Nakuandikia kwa haraka. Jumatatu ya wiki iliyopita nilifungua simu kama kawaida niwaamkie wakuu. Hakuna kitu. Pametokea maandishi: "Ukurasa huu haupatikani." Nikazima, nikawasha. Haupatikani. Nikapanda gari mpaka Songea, nikasimama karibu na makumbusho ya Majimaji ambako mtandao hausumbui. Haupatikani.

Careen, mtu wa usalama akiona hivyo anaelewa mara moja. Jeshi haliwezi kujificha bure. Nikarudi Maposeni nikatangaza kwenye mashine kwamba vita imeanza huko walipo vijana wetu, na kwamba Jeshi limezima taa. Nilisema kwa utaratibu, si kwa kupiga kelele. Lakini mama Beda akakaa chini palepale na ndoo yake ya unga, maana naye ana kijana kikosini, akaanza kulia. Wengine wakaanza sala. Mtu akakimbia kwa paroko.

Kisha Abasi akachukua simu yake, akabonyeza, akanionyesha. Ukurasa upo. Umetoa picha asubuhi hiyohiyo, askari wanafanya usafi sokoni, wanacheka. Otto akachukua yake: upo. Ya mama Beda: upo. Simu zote za Maposeni zina Jeshi isipokuwa yangu.

Abasi akaniuliza, "Afande, wamekufukuza kazi?"

Wakacheka, Careen. Hata mama Beda, machozi bado hayajakauka. Nami nikacheka ili nisibaki peke yangu. Nilifika nyumbani nikakumbuka kwamba debe langu la mahindi nimelisahau mashineni, na sijarudi kulichukua mpaka leo.

Niambie kama kuna namna. Sitaki kuandika. Nitatazama tu.

Mjomba wako,
Fulgence


Dodoma,
5 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu. Ni mzima wa mwili.

Ni mimi niliyekuzuia. Amri ilitoka juu baada ya lile la Pasaka, lakini kidole kilichobonyeza ni changu. Ndiyo maana ile barua ya Aprili nilishindwa kuijibu. Ningeandika nini? Ukurasa haujaenda kokote. Kwako tu ndiko umefungwa, na sina uwezo wa kukufungulia.

Kuna jambo kubwa zaidi, nalo Edmund aliniomba nisiseme. Nasema. Kimya chake si cha kazi nyingi. Baada ya lile la ziwa aliitwa mbele ya wakubwa wake akaulizwa ni nani amewatangaza. Alijibu, "Ni baba yangu." Safari ya wenzake ilibadilishwa kwa sababu hiyo. Mwezi uliopita nilimpata kwa dakika chache, nikamuuliza kwa nini hapigi nyumbani. Akasema, "Dada Careen, nikimwambia baba nimekula wali, kesho yake nchi nzima inajua sufuria iko wapi." Alikuwa anacheka, halafu hakuwa anacheka.

Nimemwomba akupigie mara moja, akujaribu. Kasema ataona. Hakuniambia lini, na kama ni miezi, iwe miezi. Lakini Mjomba, akipiga, na habari ikifika kwa Abasi, hatapiga tena. Nami sitakuwa na uso wa kumwomba mara ya pili.

Nenda kachukue mahindi yako. Watu husahau.

Mpwa wako anayekupenda,
Careen


Maposeni,
2 Septemba 2024

Mpwa wangu Careen,

Salamu. Goti limepona, kiangazi kimelikausha. Mahindi nilikwenda kuyachukua siku ile barua yako ilipofika. Hakuna aliyenicheka, yalikuwa yamesagwa na kufungwa vizuri.

Sikukuandikia muda huu wote kwa sababu nilikuwa sina habari, na habari ya kutunga nimeacha.

Jumamosi iliyopita alipiga.

Yuko wapi sikuuliza. Lini anarudi sikuuliza. Nilimuuliza kama anakula, akasema anakula, sikuuliza anakula nini. Tulikaa kwenye simu dakika sita, Careen, na nadhani nne kati ya hizo tulikuwa tunasikiliza tu. Mwishoni akasema atajaribu tena.

Nilipomaliza miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mashineni. Abasi akaniona nilivyo, akazima mashine kabisa ili asikie. "Afande, uso huo una habari. Toa!" Watu wakageuka wote. Nikasema nimekuja kuuliza kama kesho atakuwepo. Akasema kesho ni Jumapili. Nikasema basi, nikarudi nyumbani. Sijamwambia mtu, mama yako hajui, hata kwenye lile daftari sikuandika. Wewe ndiye wa kwanza na wa mwisho, na barua hii ukishaisoma uichome.

Nyumba ni kubwa ukiwa na habari ndani yake na huna wa kumpa.

Kuna kitu kimoja kimenikaa, nakutolea wewe. Alipopiga, namba ilikuwa ndefu ya ajabu. Nikapokea. Mtu wa upande wa pili akakohoa kwanza, halafu kwa sauti nzito akauliza habari za nyumbani. Nilijua ni mkubwa wa Jeshi ananipigia kuhusu yale mambo yangu. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema, "Shikamoo, mkuu."

Akakohoa tena. Halafu akasema, "Baba, ni mimi."

Nikamwambia mtandao wa huku leo ni mbaya, sauti inakatika. Mtandao ulikuwa safi, Careen.

Mjomba wako